Aliyeuona mfupa wa Nariokotome

*Mabishano ya kanisa na sayansi kuhusu Mvulana wa Turkana yamesikika sana. Wakenya waliomfukua hawajasikika.*

Asubuhi za katikati ya muhula, mabasi ya manjano ya shule hutoka Muthangari, Lavington na Kangemi, yakapambana na msongamano wa Waiyaki Way, yakapita Westlands na kuteremka hadi Museum Hill. Wanafunzi hushuka kwa mlolongo, daftari mkononi. Hujipanga mbele ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, wakapigwa picha. Kisha huingia ukumbi wa chimbuko la binadamu, na hapo ndipo maswali huanza.

Huyu alikufaje? Mbona hana kidevu? Mwalimu, ndiye Adamu?

Hilo la mwisho ndilo humweka mwalimu pabaya. Anajua kuna mzazi atakayetaka kujua jioni mtoto wake alifundishwa nini. Anajua pia kwamba mtihani hautamngoja mzazi aridhike.

Anayeulizwa habari zake ni mtoto vilevile. Alikufa akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, magharibi mwa Ziwa Turkana, yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwenye kumbukumbu za Makavazi ya Kitaifa ameandikwa KNM-WT 15000. Dunia inamjua kama Mvulana wa Turkana, na hakuna kiunzi kingine cha zamadamu wa enzi hiyo kilichopatikana kikiwa kamili kiasi chake.

Nimetumwa kueleza kwa nini kijana huyu bado anagombaniwa. Ugomvi unaojulikana ni wa makanisa na wanasayansi, na nitaufikia. Lakini nyuma yake kuna kosa lingine ambalo naona ni kubwa zaidi: tumeizoea habari hii kama mali ya wageni, ilhali walioiandika kwa mikono yao, wakiwa wamepiga magoti juani, ni watu wa hapa.

Siku ya mapumziko

Ilikuwa Agosti 1984. Kambi ya watafiti ilikuwa imepigwa kando ya laga ya Nariokotome, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Siku hiyo ilikuwa ya kupumzika, kufua nguo na kulala kivulini. Kamoya Kimeu, kiongozi wa kikosi cha kutafuta visukuku, hakupumzika. Alivuka laga na kupanda mteremko uliojaa changarawe nyeusi za volkeno, macho chini.

Alichokiona kilikuwa kipande cha mfupa chenye ukubwa wa kiberiti, cheusi kama mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga. Kamoya alitambua kwamba ni sehemu ya paji la uso, na kwamba si la swara wala la nyani. Habari zilipelekwa kwa redio Nairobi, na watafiti Richard Leakey na Alan Walker wakaruka kwenda Nariokotome.

Uchimbaji uliendelea kwa misimu kadhaa. Mbavu zikatoka, uti wa mgongo, nyonga, mapaja, taya lenye meno. Vilivyokosekana sana ni mifupa ya viganja na nyayo. Kabla ya ugunduzi huo, viunzi kamili namna hiyo vilijulikana tu kutoka nyakati za karibu zaidi, pale watu walipoanza kuzikana na ardhi ikawahifadhi.

> Mtu mwingine angekikanyaga. Kamoya alitambua kwamba ni paji la uso.

Kamoya alizaliwa Ukambani na hakupitia chuo kikuu. Mnamo 1960 alianza kibarua kwa watafiti Louis na Mary Leakey kule Olduvai, Tanganyika. Miaka minne baadaye, 1964, aliokota taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Jicho lake halikuwa bahati. Alijifunza rangi ya udongo wa kila tabaka, namna jino la nguruwe linavyopasuka tofauti na la binadamu, na saa ambayo jua likiwa pembeni hukionyesha kile ambacho jua la adhuhuri hukificha. Hiyo ni elimu kamili, hata kama haina cheti.

Mwili wa kutembea mbali

Mvulana huyu anatufundisha nini? Kwanza, kwamba kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa karibu sawa nasi. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 160 tayari, miguu mirefu na mikono mifupi kuliko ya zamadamu waliomtangulia. Huo ni mwili wa kutembea na kukimbia nyikani, si wa kulala juu ya mti. Nchi ilikuwa inakauka, misitu ikiachia nyasi, na chakula kikawa mbali na maji.

Kichwani mambo yalikuwa tofauti. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa takriban sentimita 880 za ujazo, kama thuluthi mbili za wetu. Paji lake lililala nyuma, mfupa wa juu ya macho ulitokeza, na kidevu, kama wanafunzi wanavyogundua haraka, hakikuwapo.

Tena alikua upesi. Meno yake yanasema alikuwa na miaka minane hivi. Mifupa yake, ukiipima kwa vipimo vya watoto wa leo, inasema kumi na mmoja hadi kumi na mitatu. Utoto mrefu tulio nao sisi, wa kulelewa na kufundishwa miaka na miaka, ulikuwa bado haujafika. Taya lake lina alama ya usaha pale jino la utotoni lilipong'oka, na wapo wanaodhani ndio uliomuua.

Watafiti wenyewe bado wanabishana juu yake. Kwa miaka mingi alichorwa mwembamba, kifua chembamba. Mwaka 2020 watafiti waliomjenga upya kwa kompyuta walisema kifua chake kilikuwa kipana na chenye kina kuliko ilivyodhaniwa. Makadirio ya urefu ambao angefikia ukubwani nayo yameteremshwa. Sioni aibu yoyote katika hilo. Elimu isiyokubali kurekebishwa ndiyo ya kuogopwa.

Miguu ilitangulia

Kuna mchoro unaopatikana karibu kila kitabu cha shule: nyani ameinama upande wa kushoto, kisha anayefuata ameinuka kidogo, hadi mtu aliyesimama wima kulia. Natamani mchoro huo ungeondolewa. Umefanya Wakenya wengi waamini kwamba sayansi inasema sokwe aliamka siku moja akawa mtu, kisha wanauliza, kwa haki kabisa, mbona sokwe wangali msituni.

Sayansi haisemi hivyo. Sokwe na binadamu ni kama mabinamu: babu yao ni mmoja, aliyeishi miaka milioni sita, saba au zaidi iliyopita, na kila upande ukashika njia yake. Upande wetu nao haukuwa mstari mmoja. Ulitoa matawi mengi, na karibu yote yamekauka.

Kenya ina ushahidi mwingi wa matawi hayo kuliko nchi nyingi duniani. Katika vilima vya Tugen, Baringo, mwaka 2000 yalipatikana mabaki ya kiumbe aliyeitwa Orrorin tugenensis, mwenye umri wa karibu miaka milioni sita, na mifupa ya paja lake inaonyesha alitembea kwa miguu miwili. Kanapoi, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, walikuwapo Australopithecus anamensis zaidi ya miaka milioni nne iliyopita. Mfupa wa muundi uliothibitisha kwamba walisimama wima uliokotwa na Kamoya huyohuyo. Ubongo wao ulikuwa mdogo bado. Tulitembea kwanza, tukawa na akili nyingi baadaye sana.

Na mikono haikungoja ubongo mkubwa. Lomekwi, Turkana magharibi, kuna mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa kando ya Ziwa Viktoria, mifupa ya viboko ina alama za kukatwa kwa zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.

Lakini kama ningekuwa mwalimu wa Muthangari mwenye basi moja na siku moja, baada ya makavazi ningewapeleka wanafunzi Olorgesailie. Ni kilomita sabini hivi kutoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, chini kabisa ya Bonde la Ufa.

Pale shoka za mawe zimetapakaa ardhini kwa mamia, zikionekana kutoka kwenye daraja la mbao. Kwa mamia ya maelfu ya miaka, kuanzia yapata milioni 1.2 iliyopita, waliokaa kando ya ziwa lile walichonga shoka za umbo lilelile, kubwa, zenye ncha kama chozi. Ziwa lilijaa, likapungua, likajaa tena, na shoka hazikubadilika.

Kisha mambo yakageuka. Ardhi ilipasuka, ziwa likatoweka, mvua zikawa za kubahatisha. Wanyama wakubwa wa enzi ile, wakiwamo ndovu na nyani wa kutisha kwa ukubwa, walitoweka, nafasi yao ikachukuliwa na jamaa zao wadogo. Tunapokutana tena na watu pale, kama miaka 320,000 iliyopita, shoka kubwa hazipo. Wanachonga vyembe vidogo vya kufunga kwenye mti. Wana mawe ya kioo cha volkeno, mengine yakiwa yametoka umbali wa kilomita tisini na zaidi. Wana mawe mekundu na meusi waliyoyasaga kupata rangi.

> Kioo cha volkeno hakitembei chenyewe kilomita tisini. Kuna mtu alikibeba, na pengine kuna jirani alikitoa.

Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, waliochapisha matokeo hayo mwaka 2018, wanaona hapo dalili za watu waliojuana na majirani wa mbali na kubadilishana nao vitu. Nchi ilipowakatalia, hawakuota kucha wala manyoya mapya. Walitegemeana. Kati ya yote niliyosoma kwa ajili ya makala haya, hakuna lililonigusa kama hilo.

Askofu na makavazi

Oktoba 2005 makavazi yalifungwa kwa ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Mpango ulikuwa kumpa Mvulana wa Turkana nafasi ya heshima. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo, wakati huo kiongozi wa kanisa la CITAM lenye ibada zake kubwa Valley Road, alipinga hadharani, naye akaungwa mkono na makanisa mengine ya kiinjili. Walitaka mifupa isiwekwe mbele, na iandikwe wazi kwamba mageuko ni nadharia moja kati ya nyingi. Askofu alisema yeye hakutokana na Mvulana wa Turkana wala na kitu kinachofanana naye.

Richard Leakey alijibu kwa ukali wake wa kawaida, akisema askofu apende asipende, mvulana yule ni jamaa yake wa mbali, na kwamba askofu ametokana na sokwe.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa pande zote mbili. Hofu ya askofu haikuwa ya kipuuzi. Mzazi anayemfundisha mtoto wake kwamba aliumbwa kwa mfano wa Mungu ana haki ya kuuliza makavazi yanayoendeshwa kwa kodi yake yanamwambia nini mtoto huyo. Naye Leakey, kwa kusema askofu ametokana na sokwe, alilirudia lile kosa la mchoro wa vitabuni na kuwapa wapinzani wake silaha. Hoja yake ilikuwa sahihi. Maneno aliyochagua yalifunga mlango.

Lakini kuhusu lililoombwa lenyewe, askofu alikosea. Mfupa ukifichwa haukomi kuwapo. Makavazi yalifunguliwa Juni 2008, kijana akiwa ndani, na makanisa ya Nairobi hayakupungukiwa na waumini kwa sababu hiyo.

Tena Wakristo wenyewe hawana kauli moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kuwa roho ya mtu hutoka kwa Mungu. Muthangari inajua vizuri historia ya kanisa hilo. Misheni ya St Austin's ilianzishwa hapa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1899, nao ndio waliopanda miche ya kwanza ya kahawa viungani mwa mji huu.

Ukifuata Waiyaki Way kuelekea magharibi unafika Kabete, na hapo historia inajifunga fundo la ajabu. Louis Leakey, aliyeishawishi dunia itafute asili ya mtu Afrika badala ya Asia, alizaliwa kwenye misheni ya Kianglikana ya Kabete mwaka 1903. Baba yake, Harry Leakey, alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis mwenyewe alikusudia kuwa mmisionari. Zana za mawe za kwanza alizokusanya aliziokota akiwa mtoto, katika mashamba na kingo za barabara za hukohuko Kabete. Nyumba moja ilitoa tafsiri ya Biblia na mafuvu ya Olduvai.

"Mnajuaje umri wake?"

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo shule zetu hulipita haraka. Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha kwanza alifundishwa katika Historia kwamba kuna maelezo matatu ya asili ya mtu: ya uumbaji, ya masimulizi ya jadi na ya mageuko. Aliyakariri yote, akayaandika, akapata alama. Baiolojia ya mageuko ilimngoja hadi kidato cha nne. Hakuna aliyemweleza kwamba maelezo hayo hayapimwi kwa mzani mmoja, na kwamba yale ya mageuko yanaweza kuulizwa ushahidi na kuumbuka yakikosa.

Jibu la umri liko kwenye majivu. Volkeno za Bonde la Ufa na za Ethiopia zilimwaga majivu tabaka juu ya tabaka. Ndani yake kuna potasiamu ambayo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Ukipima gesi iliyokusanyika unajua majivu yalitua lini. Mfupa ulio kati ya tabaka mbili una umri ulio kati ya hizo mbili. Wanajiolojia Frank Brown na Ian McDougall walifanya kazi hiyo Turkana kwa miongo.

Na kipimo hiki kimewahi kuwaumbua wakubwa. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu huko Koobi Fora. Meave Leakey na wenzake waliunganisha zaidi ya vipande 150, fuvu likapewa namba 1470. Louis Leakey alilishika siku chache kabla ya kufa, Oktoba mosi mwaka huo. Lilitangazwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.6, likatikisa dunia. Wengine wakaona mifupa ya nguruwe ya tabaka lile haikubaliani na umri huo. Baada ya miaka ya mabishano, majivu yalipimwa upya: chini ya milioni mbili. Richard Leakey akashindwa hoja, umri ukashushwa. Mwanafunzi akisimuliwa habari hii moja ataelewa sayansi kuliko akikariri orodha ya majina ya Kilatini.

Majina yao

Nimeitaja familia ya Leakey mara nyingi, na sitaki kuidogosha kazi yao. Lakini ona waliokuwa na macho chini. Fuvu 1470 ni la Ngeneo. Fuvu la Kenyanthropus platyops, lenye umri wa miaka milioni 3.5, liliokotwa Lomekwi mwaka 1999 na Justus Erus. Fuvu la nyani mchanga wa miaka milioni 13 iliyopita, lililopatikana Napudet mwaka 2014, liliokotwa na John Ekusi. Fredrick Manthi wa Makavazi ya Kitaifa aligundua fuvu dogo la Homo erectus huko Ileret mwaka 2000, akawa miongoni mwa walioliandikia. Emma Mbua aliongoza paleontolojia makavazini zama ambazo mwanamke Mwafrika katika fani hiyo alikuwa nadra.

Kamoya alipewa nishani ya La Gorce ya shirika la National Geographic mwaka 1985, mkononi mwa Rais Ronald Reagan. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki Julai 2022. Mbele ya makavazi ipo sanamu ya Louis Leakey, na ni haki iwepo. Kamoya anastahili mahali pembeni yake, na anastahili ukurasa katika vitabu vya Historia vya shule za upili.

Naamini ugomvi wa 2006 usingechukua sura ile kama Wakenya wangekua wakijua jina la Kamoya. Ilikuwa rahisi kuyaita mageuko mambo ya wazungu kwa sababu sura zilizoonekana kwenye magazeti na runinga zilikuwa zao. Ni vigumu kusema hivyo mbele ya mtu wa Makueni aliyeshinda jua la Turkana kwa miaka, akajifunza kusoma mawe, na kuona kilichowapita wasomi.

Kazi yenyewe haijaisha. Mwaka 2021, upande wa mashariki wa ziwa, Richard Loki alikuwa akichimba na kikosi cha Louise Leakey walipofikia tabaka gumu la tope la kale lenye nyayo. Matokeo yalichapishwa Novemba 2024. Nyayo ni za viumbe wa aina mbili, Homo erectus, jamaa wa Mvulana wa Turkana, na Paranthropus boisei mwenye taya kubwa aliyekula zaidi nyasi na mimea ya majimaji. Walipita kwenye ufuo uleule, miaka milioni 1.5 iliyopita, wakipishana kwa saa au siku chache tu. Kwa kuwa hawakula chakula kimoja, huenda hawakuwa na sababu ya kufukuzana. Mmoja ana uzao, mwingine alitoweka kabisa miaka laki kadhaa baadaye, na vikosi vinavyorudi Turkana kila msimu vinataka kujua ni kwa nini.